Bure, huru, huria: neno la herufi nne lililomwaga maji Nuu

Haya wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. La, sijaacha. Nimekuwa nikipambana na neno moja la Kiingereza lenye herufi nne, neno ambalo nilidhani nalijua tangu darasa la kwanza: "free".

Leo sitawafundisha kuandika programu. Nataka tuzungumze juu ya neno hili, limetoka wapi, limeingiaje katika kompyuta zetu, na kwa nini Mswahili anayelitafsiri lazima asimame kidogo akune kichwa. Nitaanzia nyumbani, Nuu, kule mashariki ya Mwingi katika Kaunti ya Kitui, kwa sababu huko ndiko nililifahamu neno hili mara ya kwanza, na huko ndiko limenitia aibu mwaka huu.

Kwa asiyepajua, Nuu kuna mlima, kuna soko, na kuna jua. Mito yetu mingi ya mwaka ni ya mchanga: maji yako chini, unachimba kwa bakuli ndipo uyapate. Maji kwetu yamebebwa na punda na migongo ya akina mama tangu zamani, kwa hiyo kioski cha maji kikija karibu si jambo dogo. Mwaka huu niliombwa na kampuni moja (jina nalihifadhi) nitafsiri programu inayotumika kwenye vioski vya namna hiyo. Mhudumu ana tableti dirishani, anaandika mtungi kwa mtungi, pesa zinahesabiwa na mita ya kila bomba inasomwa. Walinitumia faili yenye vifungu karibu mia tisa vya Kiingereza, nami nikaketi usiku tatu nikavigeuza vyote kuwa Kiswahili. Kimojawapo kilikuwa neno moja tu, "Free". Nikaandika "Bure". Nikaendelea na kifungu kinachofuata.

Jumatatu programu mpya ikaingia yenyewe kwenye tableti. Mhudumu wa kioski kimoja cha kwetu, mama wa makamo ambaye mimi humwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu wote, akawasha tableti saa kumi na mbili asubuhi. Mbele yake mabomba matatu, na mbele ya kila bomba neno moja kwa herufi kubwa za kijani: BURE.

Mtaona baadaye lile neno lilitakiwa kusema nini. Kwanza turudi nyuma, kwa sababu kosa hili lina historia ndefu kunizidi mimi.

Niliingia darasa la kwanza Januari 2003. Wakenya wenzangu mnaukumbuka mwezi huo. Serikali ya NARC ilikuwa imetoka kushinda uchaguzi wa Desemba 2002, na ahadi yake kubwa ilikuwa elimu ya msingi bila karo. Shule zikafurika. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walirudi, na nchi nzima idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Darasani kwetu tuliketi chini ya mti kwa sababu madawati hayakutosha. Kila mtu alikuwa akisema neno "free": chifu, mwalimu mkuu, redio. Kwa hiyo "free" kwangu lilikuwa na maana moja, nayo ni kwamba baba hatauza mbuzi.

Nyumbani tulilitafsiri kwa Kikamba: "mana". Na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga, kwa sababu "mana" ni kitu kisicholipiwa, lakini pia ni kitu kisicho na faida, jambo la kupoteza wakati. Kiswahili ni vivyo hivyo. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu uangalie "bure". Ni bila malipo, ndiyo, lakini pia ni bila sababu na bila mafanikio. Tumesumbuka bure. Amempiga mtoto bure. Na ukitaka kumtukana mtu bila kuinua sauti, unasema tu "yule ni mtu bure". Neno lenyewe lina jamaa zake Uarabuni, huko likitumika kwa ardhi iliyolala, isiyolimwa. Kwa hiyo mtu akisema "elimu ya bure", sikio la Mswahili linasikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na nadhani ndiyo maana lugha rasmi, kwetu na kwa ndugu zetu wa Tanzania, inapenda zaidi "bila malipo" na "bila ada". Ni maneno yasiyo na utamu lakini hayana matusi ndani yake.

Tena kwetu Ukambani "mana" ina kumbukumbu ya njaa. Wazee wetu huzipa njaa majina, kama watu wengine wanavyowapa wafalme majina. Ile ya miaka ya 1980 inaitwa "Nikwa ngwete", yaani nakufa nikiwa nimeshika: pesa unazo mkononi, chakula cha kununua hakuna. Chakula cha msaada nacho kina jina lake, "mwolyo". Hupewi kwa pesa, lakini uulize aliyepanga foleni ya mwolyo tangu alfajiri kama kilikuwa cha bure. Atakwambia alikilipia kwa miguu.

Darasa la tatu nikakutana na "free" ya pili. Mwalimu alituandikia ubaoni sentensi yenye maana ya "Ndege yuko huru." Nikainua mkono nikauliza, ndege gani huyo anayetolewa bila malipo? Darasa likacheka, mwalimu hakucheka. Alisema tu kuwa hiyo ni "free" nyingine. Nyingine vipi, hakueleza. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba hakuwa na namna ya kueleza kwa sababu Waingereza wenyewe wamechanganyikiwa nalo kwa karne kadhaa.

Asili ya neno hilo ni nzuri sana. Katika lugha za kale za Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mtoto wao, "free" ni ndugu wa "friend", yaani rafiki. Shina lao lilikuwa na maana ya mpendwa. Wapendwa wa nyumba, watu wa ukoo, ndio hawakuwa watumwa, na waliobaki nyumbani humo walikuwa watumwa. Hivyo "mpendwa" likageuka kuwa "asiye mtumwa". Maana ya kutolipa ilikuja baadaye sana, karne ya 16, pale watu walipoanza kusema kitu kiko huru kutokana na gharama, kisha wakaufupisha msemo mpaka likabaki neno moja. Tangu hapo Mwingereza ana chungu kimoja anachopikia vyakula viwili.

Sisi tuna vyungu viwili. "Huru" tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza pwani haikuwa na bendera wala wimbo wa taifa. Huru ni asiye mtumwa, basi. Mtu aliachwa huru na bwana wake, mara nyingine kwa hati iliyoandikwa. Kwa hiyo neno hili Unguja, Mombasa na Lamu lilikuwa neno la sheria na la mwili wa mtu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka uliofuata na 1875 wamisionari wa CMS wakaanzisha makazi ya watu walioachwa huru ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Kisauni. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897 kule Unguja na Pemba, na 1907 katika pwani ya Kenya.

Sasa hapa kuna jambo linalonifurahisha. Makazi yale yaliitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kwa Sultani kuhusu mkataba ule. Ni jina la mtu, halihusiani na uhuru kabisa. Lakini waulize watu wa Mombasa leo, wengi watakwambia ni "Free Town", mji wa walio huru, na ukiangalia walioishi pale huwezi kusema wamekosea. Kengele iliyokuwa pale bado imeacha jina lake kwa mtaa: Kengeleni. Basi mmoja wa makosa makubwa ya tahajia katika historia yetu ni kosa lililo sahihi kuliko usahihi wenyewe.

Baadaye "huru" likapanda hadhi. Likawa "uhuru" wa Tanganyika Desemba 1961 na wa Kenya Desemba 1963. TANU waliongeza "na Kazi" mbele yake, Uhuru na Kazi, na wananchi wakaelewa upesi kwamba huru si bure. Hata katika fasihi likaingia: miaka ya 1970 washairi waligombana kweli kweli juu ya mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Wapinzani wao wangeweza kabisa kuyaita mashairi bure. Ndiyo raha ya kuwa na maneno mawili, unaweza kutukana kwa kubadilisha moja.

Haya, tuingie kwenye kompyuta, maana najua kuna wasomaji wameanza kutazama saa.

Septemba 27, 1983 Mmarekani mmoja wa maabara ya MIT, Richard Stallman, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta unaofanana na Unix. Akauita GNU. Alichokasirikia ni kwamba kampuni zilikuwa zimeanza kuficha msimbo wa programu. Ukinunua printa na programu yake ina kasoro, huruhusiwi kuirekebisha hata kama unajua jinsi. Katika tangazo lile aliandika kwamba atautoa mfumo wake "free" kwa kila anayeweza kuutumia. Watu wakasoma: atautoa bure. Mwenyewe akaja kuongeza maelezo miaka ya baadaye akikiri kwamba maneno yale aliyachagua bila uangalifu. Alichokusudia ni kwamba mtu awe na ruhusa ya kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuwapa wengine. Bei haikuwa hoja yake. Yeye mwenyewe mwaka 1985 alikuwa akiuza tepu zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150, na hakuona aibu, kwa sababu ukishainunua ni yako kweli: unaweza kuinakili na kumpa jirani.

Nawaomba msimame hapo kidogo. Mwanzilishi wa harakati nzima, tena mzaliwa wa lugha hiyo, aliteleza kwenye kivumishi kile kile nilichotelezea mimi. Nilipolijua hilo nililala vizuri usiku mmoja.

Tangu hapo Wamarekani wamekuwa wakibeba maelezo mgongoni: ni "free" kama uhuru wa kusema, si kama bia ya bure. (Huko kwetu mfano huo haufai. Pombe ya wazee haijawahi kuwa bure, ina ng'ombe nyuma yake.) Wengine walichoka kueleza. Mwezi Februari 1998, baada ya Netscape kutangaza kwamba wataufungua msimbo wa kivinjari chao, kikundi kilikutana Palo Alto, California, na Christine Peterson akapendekeza jina jingine lisilo na utata wala harufu ya bure, jina lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Wafanyabiashara walilipenda. Stallman hakulipenda, na mpaka leo analikataa, kwa sababu linasema kwamba msimbo unaonekana lakini halisemi mtu yuko huru. Wengine wakaazima "libre" kutoka Kifaransa na Kihispania. Ugomvi wote huo, wasomaji, kwa sababu ya lugha moja kukosa neno tulilokuwa nalo sisi pwani kabla ya kompyuta ya kwanza.

Kwa hiyo ungetegemea Mswahili akitafsiri atapita kwa mteremko. Si hivyo. Kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi wa IT+46, kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kitupu, na waliitoa katika mwaka ule ule ambao Microsoft nao walitangaza kwamba watatengeneza Kiswahili chao. Wakati huo mimi nilikuwa darasa la pili, sikujua lolote. Lakini neno ambalo Watanzania walilizoea kwa mambo haya si "huru" wala "bure". Ni la tatu: "huria".

Nalipenda "huria". Linatumika kwa kitu kilicho wazi kwa wote waingie, kisicho na mlinzi mlangoni. Soko huria, mlilisikia sana miaka ya 1990 wakati bei zilipoachwa zijipange zenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, ambacho kwa Kiingereza si "free" hata kidogo bali ni chuo kilicho wazi, na karo inalipwa. Basi "programu huria" inakamata ile ya Palo Alto, nayo "programu huru" inakamata ile ya Stallman. Kiswahili kikamaliza kwa maneno matatu ugomvi uliowachukua wenzetu miaka kumi na tano, ingawa lazima niseme ukweli: watumiaji wengi hawajui tofauti na wanaandika lolote. Hata mimi nimeandika lolote humu humu, msinitafutie makala za zamani. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ilichagua "kamusi elezo huru" mahali ambapo Kiingereza kinasema "free". Nadhani walichagua vyema. Wangeandika "kamusi elezo ya bure" nani angeiamini?

Maana hilo ndilo tatizo la bure, halina heshima. Mwaka 2011 nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa na diski ya Ubuntu aliyoletewa kwa posta. Kampuni yao ilikuwa ikizituma diski hizo duniani kote pasipo malipo, mpaka ilipoacha mwaka huo huo wa 2011. Ilikuwa na bahasha nzuri ya karatasi, na ruhusa ya kunakili na kugawa. Mwalimu akatuambia kwa furaha, "Hii ni ya bure!" Wanafunzi wa kidato cha nne wakaguna. Wakamuuliza kama ni ya bure, ina kasoro gani? Na wakamwonyesha diski zao za Windows zilizonunuliwa mitaani Mwingi kwa shilingi hamsini, zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Kwao zile nazo zilikuwa bure, na zilikuwa na michezo.

Nimefikiria sana juu ya siku ile. Mwalimu alitumia neno lisilofaa. Katika nchi ambayo kila programu ya wizi inapatikana kwa bei ya chapati mbili, kumwambia kijana kwamba Linux ni ya bure ni kumwambia hakuna tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye huru. Diski ya mitaani ilikuwa bure lakini haikuwa huru hata kidogo: huwezi kuifungua uone ndani, huwezi kuibadilisha ikazungumza Kikamba, na siku ikikataa kuwaka huna wa kumuuliza. Ile nyingine ungeweza. Mimi niliifungua, ndiyo maana leo nina kazi.

Kinyume chake pia kimetufikia. Novemba 2014 Facebook na Airtel walileta Kenya huduma ya Internet.org, ambayo Septemba 2015 ilibadilishwa jina ikawa Free Basics. Uliweza kuingia tovuti chache zilizochaguliwa bila kukatwa salio. India walipiga marufuku mpango wa namna hiyo Februari 2016, hoja yao kubwa ikiwa kwamba mtoa huduma hapaswi kutoza bei tofauti kwa kuangalia mtu anasoma nini. Kiingereza kinaliita jambo hilo "free" na kunyamaza. Mswahili anaweza kuuliza swali moja tu kabla ya kubofya: ni bure, sawa, je, ni huru?

Chuoni nikapata "free" nyingine tena, ya lugha ya C. Unaiomba kompyuta kipande cha kumbukumbu kwa malloc, ukimaliza unakirudisha kwa free. Hapo hakuna malipo. Ni kuachia. Na wanaoanza, sikilizeni: ukikiachia kipande hicho, hakifutwi! Yaliyomo yanaweza kubaki vile vile mpaka mwingine apewe. Ukiendelea kukishika baada ya kukiachia umejitengenezea mojawapo ya kasoro mbaya kabisa za usalama. Kisha kuna amri ya Linux yenye jina lilo hilo, inayokuonyesha kumbukumbu ambayo haijatumika. Wageni huiona namba ndogo pale wakadhani kompyuta inakufa. Angalieni safu ya mwisho, ile ya kumbukumbu inayoweza kupatikana, ndiyo yenye habari kamili.

Na bado kuna "free" ya mkiani. Ikitangulia nomino, mara nyingi ni bure au huru. Ikifuata nyuma kama mkia, ni "bila". Pakiti iliyoandikwa "sugar free" haina sukari. Jirani yetu mmoja mwenye kisukari aliiacha dukani kwa miezi, akiamini kwamba wanaongezea sukari ya zawadi ndani. Nani atamcheka? Neno ni lile lile, limehamishwa kiti tu. "Are you free?" nayo haiulizi kama umewahi kufungwa, inauliza kama una nafasi. Na mpira ule ambao Mwingereza anauita "free kick", watangazaji wetu wameuita mpira wa adhabu. Nafikiri wao ndio waliotazama mechi.

Sasa turudi kwenye kioski.

Programu ile ilitumia gettext kwa tafsiri, chombo cha mradi ule ule wa GNU, yaani watu wa Stallman. Gettext hukusanya vifungu vya Kiingereza kutoka kwenye msimbo, na vifungu viwili vikifanana herufi kwa herufi inaviunganisha kuwa kimoja, isipokuwa mwandishi wa programu ameongeza muktadha. Mwandishi hakuongeza. "Free" ilitumika mahali pawili. Kwanza kwenye orodha ya bei: maji ya zahanati na ya shule, hayalipiwi. Pili kwenye hali ya bomba: halina mteja kwa sasa. Juu ya kifungu kile kulikuwa na mistari miwili inayoonyesha kilikotoka, bei na bomba. Nilisoma wa kwanza. Wa pili nilikuwa nao mbele ya macho na sikuusoma. Naweza kumlaumu mwandishi wa programu, na nimemlaumu kidogo, lakini mistari miwili si mingi.

Kabla ya hapo tableti ilikuwa ya Kiingereza, na Mwaitu hakuwa na haja ya kusoma neno lile. Alijua kijani ni nenda. Nilipoweka Kiswahili nilimpa neno analoliamini. Juma lile lile mwanasiasa mmoja alikuwa amepita sokoni akiahidi maji. Alimpigia mwenyekiti wa kamati, simu imezimwa. Watu walikuwa tayari dirishani na wenye macho makali walishasoma. Akafungua mabomba. Siku mbili nzima akatoa maji, na kwa kuwa ni bure hakuandika mtungi hata mmoja, kwa hiyo hakuna bomba lililowahi kuonyesha kwamba linatumika, na neno BURE likaendelea kung'aa mpaka Jumatano asubuhi mwenyekiti alipopatikana.

Mita zilisema mitungi 412. Kwa shilingi tano, ni 2,060. Kamati ikamkata kwenye posho yake ya mwezi.

Nililijua hilo baada ya wiki mbili, mama yangu aliponipigia simu kunieleza kisa cha kuchekesha kuhusu tableti iliyochanganyikiwa. Nikapanda gari. Mwaitu alinipokea kwa chai, hakujua kwamba neno lilikuwa langu. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa walitaka kusema nini?" Nikamweleza kwamba bomba halina mtu wa kulitumia, liko tayari. Nikamwambia nimefikiria kuandika "Wazi". Akacheka mpaka akashika ukuta. "Bomba wazi? Ukiandika bomba liko wazi nitakimbia kulifunga!" Nikasema basi "Huru". Akanitazama tu. Akasema hapa dirishani mtu akiuliza bomba gani nitumie, tunamwambia nenda lile, halina mtu.

Usiku ule nilitenganisha vifungu viwili, cha bei kikabaki "Bure", cha bomba kikawa "Halina mtu", nikawatumia kampuni na maelezo ya muktadha. Wamekiingiza. Fedha nilijaribu kumpa Mwaitu akazikataa. Anataka kamati irudishe posho na iandike kwenye daftari lao kwamba hakuiba maji. Nimewaandikia barua kueleza kosa ni la nani, nikaambatanisha ile mistari miwili ya faili. Kikao chao ni Jumamosi ijayo saa nne. Nitapanda matatu ya Mwingi Ijumaa jioni.